Aliyenusuriwa ni nani?

Ndugu msikilizaji, leo nina jambo la kukiri mbele yako, na ni afadhali nilikiri mapema kabla hujahamia stesheni nyingine.

Mimi ni mkazi wa Bunju, kule mwisho wa Kinondoni, barabara ya kwenda Bagamoyo. Kwetu huko, kama ilivyo Mbagala au Chamazi upande wa Temeke, jioni wanaume hukusanyika kwenye kijiwe cha kahawa kuiendesha nchi. Siku za malipo ya TASAF zikikaribia, hoja huwa ni zile zile. Wa kwanza atasema serikali inagawa hela za bure. Wa pili atasema anawajua kwa majina wanaozipokea asubuhi, jioni ukawakuta kilabuni. Wa tatu atafunga mjadala kwa ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mimi, kwa muda mrefu, nilikuwa wa nne: nilikuwa nikiitikia. Nilikuwa na sababu yangu ya kuitikia, na hiyo ndiyo niliyokuja nayo leo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana kijiweni watu hubishana bila kujua. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000, na watu wakauzoea kwa madarasa, zahanati na visima. Utaratibu wa kumpa kabwela fedha mkononi mwake ulianza kwa majaribio mwaka 2010, katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Agosti 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa nchi nzima, na baada ya miaka michache kaya zipatazo milioni 1.1 zikawa zimeandikishwa. Februari 2020 ikazinduliwa awamu ya pili ya mpango huo, hapa hapa Dar es Salaam.

Sasa hizo hela zenyewe. Katika awamu ya kwanza, kaya ilianza na shilingi 10,000 kwa mwezi. Ikiwa na watoto, iliongezwa 4,000. Kwa kila mtoto aliyesoma shule ya msingi, 2,000 nyingine, kwa sharti kwamba shuleni aende kweli. Na watoto wachanga sharti lao lilikuwa kliniki. Kaya iliyojaliwa kila nyongeza haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Hebu chukua ile 10,000 uigawe kwa siku thelathini. Unapata shilingi 333. Kuanzia mwaka 2013 nauli ya daladala ya safari fupi hapa mjini ilikuwa 400. Hao ndio tuliokuwa tukiwaonea wivu kijiweni.

Kuhusu pombe sitakaa sana. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walizipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali wakitafuta jambo hilo hilo moja: je, maskini akipewa fedha huongeza pombe na tumbaku? Kwa jumla hawakuliona ongezeko hilo. Walevi wapo, sikatai. Wapo katika kila orodha ya mishahara ninayoijua, na ya watu wa redio haijanusurika.

Turudi kwenye kukiri kwangu.

Nina shangazi, dada wa marehemu baba yangu, anaishi kijijini, wilaya ya Bagamoyo. Analima muhogo na mahindi, na analea wajukuu wawili walioachwa na binti yake. Tangu zilipoanza hizi huduma za kutuma hela kwa simu, nilijiwekea utaratibu wa kumtumia 20,000 kila mwisho wa mwezi. Sijisifu, lakini nilikuwa sikosi. Mwaka 2014 orodha ya mpango ikafika kijijini kwao. Mkutano wa kijiji ukakaa, jina lake likatajwa, hakuna aliyepinga. Akanipigia simu kunieleza. Nilifurahi, ndugu msikilizaji. Nadhani nilifurahi kuliko yeye.

Wakati ule nilikuwa najenga. Anayeishi Bunju anajua maana yake. Kule kila mtu anajenga, na kila mtu amekwama mahali. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye lenta. Miezi michache ya mwanzo niliendelea kutuma. Kisha ukapita mwezi mmoja sikutuma, nikajiambia ni ada za watoto. Mwezi wa pili nikajiambia ni nondo. Mwezi wa tatu sikujiambia kitu. Nilikuwa nimeshazoea kufikiri kwamba shangazi sasa ana mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Ile 20,000 ikawa inanunua mfuko wa saruji. Naye hakuuliza hata siku moja. Alikuwa akipiga simu, ananisalimia, anawaulizia watoto, anakata.

Mwaka uliofuata ulitokea msiba kwa jirani yao, nikaenda. Nilipoingia uani nikaona banda zuri la kuku, la fito, limeezekwa kwa makuti, mlango uko wazi. Ndani hamna kuku. Nikamwamkia shangazi, akaitikia marahaba, nikamwuliza kuku wameliwa na nini, kicheche au kideri?

"Hawakuliwa, baba," akaniambia. "Nilinunua kwa hela za mwanzo, wakafika kumi na mmoja. Halafu nikawa nauza mmoja mmoja. Sabuni mmoja, daftari mmoja, huyu mtoto alipougua wakaenda watatu."

Nikamwuliza: mbona hela za mpango zinakuja? Akajibu bila hasira yoyote, kama mtu anayenieleza habari za mvua: "Za serikali zimekuja, zako zikaondoka. Nikaona ni zile zile, zimebadili njia tu."

Usiku ule, nikiwa kwenye mkeka msibani, nilipiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeimaliza kabla yangu. Shangazi: 10,000 ya kaya, 4,000 ya watoto, 2,000 mara mbili kwa wajukuu wawili wanafunzi. Jumla 18,000 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nimeondoa 20,000. Kwa hiyo baada ya serikali, viongozi wa kijiji, watumishi wa wilaya na mkopo uliotafutwa ng'ambo kuhangaika wote kumnusuru mama huyu, alikuwa amebaki pungufu kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Na palikuwa na mtu mmoja aliyeongezewa 20,000. Mtu huyo hakujadiliwa kwenye mkutano wowote, hakusaini karatasi yoyote, wala hakuwekewa sharti la kupeleka mtoto kliniki. Alikuwa Bunju anafunga lenta.

Huenda ukasema hayo ni ya kwangu peke yangu na roho yangu mbaya. Laiti ingekuwa hivyo. Afrika Kusini, ubaguzi ulipokuwa ukielekea ukingoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, pensheni ya wazee Waafrika iliongezwa sana. Mtafiti aitwaye Robert Jensen akachunguza hela ambazo wazee hao walikuwa wakitumiwa na watoto wao waishio mbali. Aligundua kwamba katika kila randi moja ya pensheni, watoto walipunguza kati ya senti 25 na 30. Yaani robo, au zaidi kidogo ya robo, ya fedha za mzee ilirudi mjini kwa mlango wa nyuma. Wale walipunguza robo. Mimi nilikata zote.

Na ili ujue shangazi alipoteza nini, sikiliza yaliyotokea kwenye majaribio ya zile wilaya tatu, Bagamoyo ikiwa mojawapo. Vilichukuliwa vijiji 80. Kwa kura, 40 vikaanza kulipwa na 40 vikasubiri, ili tofauti ionekane. Watafiti walirudi 2011 na tena 2012. Katika vijiji vilivyolipwa, watu walikuwa na mbuzi na kuku wengi zaidi. Watoto wengi zaidi walikuwa na viatu. Familia nyingi zaidi zilikuwa zimelipia bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na watoto wadogo waliugua siku chache zaidi. Safari za zahanati zilipanda mwanzoni, kisha zikashuka.  Shangazi yangu hakuambiwa na mtaalamu yeyote anunue kuku. Kwa ile miezi michache ambayo hela zake na zangu zilikuwa zikikutana mkononi mwake, alifanya kile kile walichofanya wenziwe: alitenga, akanunua kuku, akajenga banda. Nilipojitoa, akaanza kula mtaji.

Jambo hili lina upande wa pili, nao uko huku kwetu mjini. Rafiki yangu anaishi upande wa Temeke. Alinisimulia mkutano wa mtaa wao, wa kuchagua kaya za kuingia kwenye mpango. Likasomwa jina la mzee mmoja anayeishi peke yake katika vyumba viwili vya matofali, bati linavuja, chakula anapewa na majirani. Watu wakawa wanaafiki. Akasimama mmoja akasema: "Huyo ana mtoto Mbezi, ana gari." Jina likakatwa.

Ni kweli, mtoto yupo, na gari lipo. Ila gari hilo lilikuwa halijaonekana katika mtaa ule tangu Idi iliyopita. Mzee alikuwepo mkutanoni, akaangalia chini. Na wewe niambie, ni baba gani atakayesimama mbele ya mtaa mzima aseme mwanangu hanipi kitu? Alinyamaza kulinda heshima ya kijana wake, akaenda nyumbani bila jina kwenye orodha.

Basi shangazi aliingia kwenye orodha, mtoto wa mjini akajitoa. Mzee wa Temeke hakuingia kwenye orodha kwa sababu ya mtoto wa mjini ambaye alishajitoa zamani. Wenzetu wa Zanzibar, walipoanzisha pensheni ya wazee Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, walikwepa angalau swali hilo la pili. Kule mzee huulizwa umri. Haulizwi mtoto wake ana gari gani.

Nimeitaja methali ya mgeni na jembe, na sipendi kuiacha inaning'inia. Wenye nguvu ndani ya mpango huu walipangiwa kazi za mikono, kuchimba mitaro na kutengeneza barabara, hadi siku 60 kwa mwaka, kwa shilingi 2,300 kwa siku. Kwa hiyo jembe lilitolewa. Na shangazi yangu mimi si mgeni wa mtu. Jembe analo tangu kabla ya Uhuru, na sehemu ya muhogo alioulima ndio uliouzwa nikapelekwa shule, nikajifunza kuzungumza Kiswahili cha redioni. Nilipolirudisha neno hili kijiweni, mwenzangu mmoja akaniambia nimeharibu kahawa.

Niliporudi kutoka msibani sikumwahidi kitu. Mwisho wa mwezi ulipofika nikatuma 20,000 kama zamani, na lenta ikangoja. Haikupita nusu saa simu ikalia.

"Baba, umekosea namba?"

"Hapana, shangazi. Ni zako."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza vifaranga huku Bunju wanauzwaje.

Tukutane wiki ijayo, wakati kama huu.