Magadi Katika Mbuga za Pangani
(Hotuba kwa wanachama, Amani)



Hapa mlimani mvua huuosha udongo hata ukawa mchachu. Teremkeni Mombo, mkafuate mbuga za Pangani hadi Kahe. Huko jua hunyonya maji mengi kuliko mvua inayonyesha. Mafuriko hukauka, magadi hubaki. Magadi huuvuruga udongo wa mfinyanzi: ukilowa ni uji, ukikauka ni jiwe. Maji yatuama juu, mizizi chini ina kiu.

Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha hapa Amani, alitoa ramani ya udongo wa Afrika Mashariki mwaka 1936. Neno letu “mbuga” aliliandika katika vitabu vyao. Neno walilichukua, mkulima wa mbugani aliambiwa nini?

Basi sikilizeni. Aletaye maji shambani bila mfereji wa kuyatoa hupandisha magadi kwa mkono wake. Chumvi nyeupe huoshwa kwa maji matamu. Magadi sivyo: ukiyaosha kwa maji matupu udongo huzidi kuziba. Kwanza jasi, kisha maji, na mfereji wa kutolea uwe tayari. Na jasi ipo Makanya, kando ya reli yetu ya Tanga. Nayo hupelekwa viwanda vya saruji.