Mtoto Akiharisha Damu

Mtoto akiharisha damu, wengi wetu hukimbilia mwarobaini au alovera. Tahadhari! Utomvu wa manjano wa alovera huzidisha kuharisha, na mafuta ya mwarobaini yamewahi kuua watoto wadogo.

Damu si amiba kila mara. Ikiendelea kwa wiki kadhaa na mtoto akikonda, huenda ni ugonjwa wa kudumu wa utumbo, unaotambuliwa kwa kipimo cha kamera katika hospitali kubwa. Mitishamba haichukui nafasi ya dawa zake.

Mama, mtoto akitoa damu, mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kliniki leo. Mwambie muuguzi kila dawa ya miti uliyompa. Usione haya.