SEHEMU SI MAKOMBO
(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu kwa wanachama, kabla ya msimu wa kupima mazao)



Msimu wa kupima umekaribia. Tumeonelea tuzungumze habari ya sehemu, maana mizani haisemi kilo nzima tupu. Husema na nusu, na robo, na robo tatu. Asiyezijua huiacha haki yake pale pale kwenye mizani.

Tusiogope, sehemu tunazo majumbani siku zote. Pishi moja ni vibaba vinne, basi kibaba ni robo ya pishi. Tunaandika 1/4. Namba ya chini huitwa asili: inatuambia kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Namba ya juu huitwa kiasi: inatuambia tumechukua mafungu mangapi. Hilo neno "sawa" tulishike. Muhogo ukikatwa vipande vinne, kimoja kama mkono na kingine kama kidole, hizo si robo.

Hapa pana mtego. Mtu huona 1/4 akadhani inazidi 1/3, kwa kuwa 4 inazidi 3. Sivyo! Wagawanaji wakiwa wengi, fungu hupungua. Theluthi ya kilo 60 ni kilo 20. Robo yake ni kilo 15 tu.

Sasa aina zake:

1. Sehemu ambayo kiasi ni kidogo kuliko asili, kama 1/2 au 3/4. Hii haifiki kitu kizima.

2. Sehemu guni. Hapa kiasi kinalingana na asili au kinaizidi, kama 18/4.

3. Namba mchanganyiko, yaani namba nzima pamoja na sehemu, kama 4 1/2.

Tena zipo sehemu zenye sura mbalimbali na thamani moja: 1/2, 2/4 na 4/8 zote ni nusu.

Je, zinatufaa nini? Tuseme mwanachama kaleta magunia 6, kila moja lina kilo 42 na robo tatu. Karani akiandika kilo 42 tu, mtu atasema, "Aa, robo tatu kitu gani!" Haya, tuhesabu. Robo tatu mara 6 ni robo 18, yaani 18/4. Kila robo 4 ni kilo moja, kwa hiyo tunapata kilo 4 na robo 2, ndiyo kilo 4 1/2. Kama bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 9,000. Ni jasho la mtu hilo, si makombo.

Kwenye kujumlisha pia watu huteleza. Tuseme tuna mtaro wa mita 120. Kundi la kwanza limechimba 1/3, la pili 1/4. Ukijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini utapata 2/7, ambayo haifiki hata kazi ya kundi la kwanza peke yake! Kwanza tuzipe asili moja: 1/3 ni 4/12, na 1/4 ni 3/12. Jumla ni 7/12. Tupime kwa mita: 40 na 30 ni 70, zimebaki 50. Hapo hakuna ugomvi.

Mizani nyingine huandika kwa nukta. 0.25 ni robo, 0.5 ni nusu, 0.75 ni robo tatu. Tusidanganywe na wingi wa tarakimu: 0.5 inazidi 0.25.

Ndugu zetu, kila mmoja aisome mizani mwenyewe, tena aisome stakabadhi kabla hajaondoka. Akiona robo imeachwa, aulize pale pale kwa adabu. Karani naye asinune, maana anayeuliza analinda chama. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule, wala si aibu.

SWALI LA KUJIPIMA: Magunia 5, kila moja kilo 38 na robo. Jumla ni kilo ngapi? Majibu yaletwe darasa la kisomo. Njooni na daftari na kalamu.