Umeme Salama Katika Karakana



Wengi wanaukumbuka usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua. Tahadhari ya moto huanzia karakanani.

Mashine ya kuchomelea ikiunganishwa kwenye waya mwembamba wa taa, waya hupata joto, ganda huyeyuka, na moto huanza. Kila mashine iwe na waya wake na sakiti breka inayolingana nao. Umbo lake la chuma liunganishwe na ethi, ili umeme ukivuja ukimbilie ardhini, si mwilini mwa fundi. Kabla ya matengenezo, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Moto ukizuka, maji yasimwagwe kabla umeme haujakatwa. Zimamoto waitwe kwa namba 114.

Fundi aliyeaga asubuhi anasubiriwa nyumbani jioni.