NYWELE ZINAKUA, ILA ZINAKATIKA
(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, msusi, siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Niliombwa nizungumzie urembo na biashara. Biashara mmeisikia tangu asubuhi, Mweka Hazina katusomea hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Basi mimi nitasema juu ya nywele, tena jambo linalonigusa mfukoni.

Mnakumbuka mwaka wa tatu wa kikundi niliomba mkopo ninunue pasi ya nywele ya umeme na draya. Kabla ya hapo nilikuwa nachoma nywele barazani kwa kitana cha chuma, jiko la mkaa pembeni. Mlinipa, na nimelipa pamoja na riba. Lakini wapo wateja niliowarudisha nyumbani na vichwa vibaya kuliko walivyokuja navyo, na wengine wameketi humu humu ndani.

Mmoja ni binti wa mwenzetu. Alitaka nywele zilale kwa ajili ya sherehe yake ya kuagwa. Nikampiga pasi wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mara ya mwisho nikaipitisha nywele zikiwa bado na unyevu, maana foleni ilikuwa ndefu. Siku yenyewe alipendeza kweli. Mwezi uliofuata akaja na nywele zake kiganjani. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Shoga, hii kazi unaijua au unabahatisha?"

Nilikuwa nabahatisha. Nikaanza kuuliza na kusoma.

Kila siku nasikia, "Nywele zangu zimegoma kukua, zimefika hapa basi." Hazijagoma. Nywele hukua kutoka kwenye ngozi, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na hizi zetu za kipilipili pungufu kidogo ya hapo. Pasi haizuii kitu kule chini. Inachofanya ni kuunguza ncha, nazo zikikatika sentimita 1 kila mwezi, mwaka mzima utajiona uko pale pale. Ni kama mtu anayeweka akiba Jumamosi na kuitoa Jumatatu. (Nawaona mnaocheka, mnajijua!)

Moto ukiwa wa kiasi, nywele hulala kwa muda tu. Ukitoka jasho au ukinyeshewa, zinajikunja tena. Moto ukizidi nyuzi 200 hivi, ile protini iliyojenga unywele inaharibika, na hapo hata uoshe mara ngapi haurudi kujikunja. Kitana cha mkaani ndicho kibaya zaidi, maana hakina kipimo. Na ukipitisha pasi kwenye nywele mbichi, maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka na kuutoboatoboa. Ndivyo nilivyomfanyia yule binti. Mafuta na stimingi hulainisha kwa nje, lakini unywele ukishatoka kichwani hauna uhai, hauwezi kupona kama kidonda.

Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wanawake weusi waliopata upara unaoanzia utosini, wakausingizia mafuta ya moto yanayochuruzika kutoka kwenye kitana. Baadaye upara huo huo ulionekana hata kwa wasiowahi kuchoma nywele, na jina likabadilishwa. Kwa hiyo sisemi kila upara ni wa pasi. Nasema utosi ukiwasha, ukiuma au ukianza kung'aa, usije kwangu nikufiche kwa rasta. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwani pale ngozi ikishaweka kovu, nywele hazioti tena.

Sasa anayetaka kuzikuza upya afanyeje? Si lazima unyoe, ingawa kunyoa ndiyo njia fupi. Punguza ncha kidogo kidogo kila baada ya miezi miwili mitatu. Nywele mpya zitakuja zimejikunja, za zamani zimelala, na pale zinapokutana ndipo pepesi pa kukatika. Usipavute. Chambua kwa vidole kwanza, zikiwa na maji na mafuta, ndipo uchukue chanuo la meno mapana. Suka mabutu au twende kilioni, lakini usimwambie msusi akaze mpaka macho yapande. Panja zikinyonyoka ni hasara nyingine. Na ukitaka zinyooke bila moto, ule uzi mweusi waliotufungia bibi zetu bado unauzwa dukani, bei ya chini kabisa.

Kwa anayeng'ang'ania pasi, sitamfukuza, nina watoto wa kusomesha. Ila nampiga kwa nadra, nywele safi na kavu, moto wa chini, mara moja kila fungu. Wapo waliohama kwenda saluni nyingine kwa sababu hiyo, na mapato yalishuka miezi kadhaa. Mweka Hazina anajua, ndiyo miezi niliyonunua hisa moja moja.

Yule binti alizikata zote, akaanza upya. Leo ndiye anayegawa soda pale mlangoni, mtazameni kichwa chake mkitoka. Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, na pilau linanukia.