TUNUNUE KITABU GANI CHA MITANDAO YA KOMPYUTA?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika ishirini na Ndugu Katibu, naye ameketi mbele yangu akiitazama saa yake, kwa hiyo salamu nitazifupisha. Nimeombwa niseme machache juu ya vitabu vya mitandao ya kompyuta. Sababu mnaijua. Mchango wa maktaba umekusanywa, na Kamati inataka kuagiza vitabu kwa ajili ya chumba kipya cha kompyuta. Mapendekezo mawili yamekwisha kuletwa. La kwanza ni kununua nakala thelathini za kitabu kimoja cha kupasia mtihani wa cheti. La pili ni kupokea makasha ya vitabu vilivyokwisha kutumika ng'ambo, ambavyo sisi tutalipia usafirishaji tu. Mimi nayapinga yote mawili, na ningependa kueleza kwa nini kabla kura haijapigwa alasiri hii.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kitabu cha rejea si kitabu cha kusomwa tangu jalada la mbele hadi la nyuma. Ni ndugu yake kamusi. Hakuna mtu anayejifungia chumbani na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ili aimalize. Unaiendea ukiwa na neno linalokusumbua, unalipata, unaifunga, unaendelea na kazi yako. Kitabu cha rejea cha mitandao nacho huendewa na mtu mwenye tatizo: kompyuta mbili zinaonana, ya tatu haionekani, barua zinatoka, hazirudi, mchana mtandao unakwenda vizuri, jioni unakufa. Anataka kujua ni kitu gani hasa kinachopita ndani ya ule waya.

Kitabu cha mtihani ni kitu kingine. Chenyewe humwambia msomaji: andika amri hii, bonyeza hapa, jibu ni B. Sivilaumu vitabu hivyo. Vimewapatia watu kazi, na baadhi ya watu hao wamo humu ukumbini. Lakini amri zile ni za ruta za kampuni moja, na kampuni ikibadilisha mtihani wake, nakala zetu thelathini zitakuwa karatasi za kufungia maandazi.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa fundi katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Wakati huo pwani yetu, tangu Mombasa hadi Dar es Salaam, ilikuwa bado haijafikiwa na mkongo wa baharini. SEACOM na TEAMS zilikuja mwaka 2009. Mawasiliano yote na Ulaya yalipita kwa setilaiti. Kila usiku ofisi ile ilipeleka huko faili moja kubwa la hesabu, na mara nyingi kulikucha halijamaliza kwenda. Wakubwa wakaamua kununua njia pana zaidi: badala ya megabiti mbili kwa sekunde, wakachukua nne. Bei ikawa maradufu, tena kwa fedha za kigeni, kila mwezi. Faili likaendelea kwenda kwa mwendo wake ule ule, kama mkokoteni uliotiwa katika barabara pana ya lami.

Kwa nini? Hapa nawaomba vijana mshike kalamu. Setilaiti ya namna ile hukaa juu ya ikweta, kilometa 35,786 kutoka ardhini. Ishara hupanda mpaka kule na kushuka upande wa pili, yaani zaidi ya kilometa 71,000. Hata ikienda kwa mwendo wa mwanga, kilometa 300,000 kwa sekunde, safari hiyo hula karibu robo sekunde. Stakabadhi ya kusema "nimepokea" nayo hurudi kwa njia hiyo hiyo, robo sekunde nyingine. Jumla ni nusu sekunde kwenda na kurudi, wala hakuna fedha inayoweza kuipunguza.

Sasa TCP, ambayo ndiyo itifaki inayohakikisha kwamba mzigo wote umefika salama, haimwagi data ovyo. Mpokeaji humtangazia mtumaji kiasi atakachoruhusu kiwe njiani bila kutolewa stakabadhi. Kiasi hicho huitwa dirisha. Katika kila pakiti, nafasi ya kuandikia ukubwa wa dirisha ni biti 16 tu, kwa hiyo namba kubwa kabisa inayoenea hapo ni 65,535. Basi, baiti 65,535 kwa kila nusu sekunde ni baiti 131,070 kwa sekunde. Zidisheni kwa nane mpate biti: ni kama megabiti moja. Ununue njia ya megabiti mbili, nne au mia, faili moja litapita kwa megabiti moja, na nafasi inayobaki utailipia bure.

Dawa yake ilikuwa inajulikana zamani. Mwaka 1992 ilitolewa hati ya kiufundi iitwayo RFC 1323, ikieleza jinsi mashine mbili zinavyoweza kukubaliana kuizidisha namba ile ili dirisha lipanuke. Mwaka 1994 W. Richard Stevens akayafafanua mambo hayo, kwa mifano, katika kitabu chake TCP/IP Illustrated, Volume 1. Kabati la ofisi ile lilijaa vitabu vya vyeti, na hakuna hata kimoja kilichogusa jambo hili. Mwenzetu mmoja aliletewa kitabu cha Stevens na ndugu yake aliyekuwa masomoni ng'ambo. Tukaanzia kwenye faharasa, na baada ya siku mbili mashine za pande zote mbili zikawa zimerekebishwa. Lakini mkataba wa njia pana ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi kwa mwaka mzima.

(Stevens mwenyewe, kwa wale wapendao mambo ya aina hiyo, alizaliwa Luanshya mwaka 1951, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambako baba yake alifanya kazi katika shughuli za shaba. Wazee waliosafiri kwa TAZARA hadi Kapiri Mposhi walifika jirani na kwao. Alifariki mwaka 1999.)

Siku hizi mashine nyingi hupanua dirisha zenyewe bila kuambiwa. Nimeleta kisa hiki kwa sababu kinatupa njia ya kupima kitabu dukani. Nenda na swali moja ambalo jibu lake unalijua. Usianze na jalada, wala sifa zilizoandikwa nyuma. Nenda moja kwa moja kwenye faharasa. Tafuta neno la Kiingereza la dirisha. Likikupeleka kwenye programu ya Microsoft peke yake, kirudishe kitabu rafuni. Likikupeleka kwenye ukurasa wa TCP, soma ukurasa huo ukiwa umesimama pale pale. Je, mwandishi amechora kichwa cha pakiti na kuonyesha kila biti inakaa wapi? Je, ameonyesha pakiti za kweli zilizonaswa katika waya, au ni mishale na mawingu tu? Je, ametaja namba ya RFC, ili mwenye shaka aende kwenye chanzo? Hati za RFC hazina bei. Zimekuwa zikitolewa tangu mwaka 1969 na yeyote anaweza kuzisoma. Mwandishi asiyezitaja anataka umwamini yeye tu.

Swali lingine zuri ni la anwani. Muulize muuza duka akuonyeshe kitabu kinachoeleza mtandao wa /26 una anwani ngapi. Jibu ni 64, na kwa kawaida mashine hupewa 62. Vitabu vingi vitakupa kanuni ya kutoa mbili. Kizuri kitakuambia zile mbili zimekwenda wapi: ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kuwaita wote kwa pamoja. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hataikariri kanuni, na hataisahau.

Sasa nije kwenye makasha ya ng'ambo. Wapo watakaosema mzee huyu anadharau msaada. Sidharau. Lakini kitabu cha mitandao hakizeeki chote kwa pamoja. Kichwa cha pakiti cha IP kilichoandikwa mwaka 1981 bado ni kile kile katika mitandao inayotumia toleo la nne la itifaki hiyo, na aliyekijua wakati ule hajapoteza kitu. TCP iliandikwa upya mwaka 2022, katika RFC 9293, ili kukusanya mahali pamoja masahihisho ya miaka arobaini. Hata hivyo, mtu wa mwaka 1981 angeitambua. Mambo mengine ndiyo yaliyooza. Mgawanyo wa anwani kwa madaraja A, B na C uliachwa tangu mwaka 1993, lakini vipo vitabu vilivyochapwa miaka mingi baadaye vinavyoufundisha kama sheria ya leo. Kibaya zaidi ni usalama wa mitandao isiyo na waya. Kufuli iliyoitwa WEP ilionyeshwa na wataalamu mwaka 2001 kwamba inavunjika. Mwanafunzi atakayefuata kitabu cha mwaka 2000 ataifungia shule yetu mlango kwa kufuli ambayo mwizi yeyote ana ufunguo wake, naye atalala usingizi akidhani amefanya kazi.

Kisha kuna uhaba wa anwani. Anwani za toleo la nne ni 4,294,967,296, idadi isiyofika hata idadi ya watu duniani, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Toleo la sita, IPv6, ndilo lililotengenezwa kuondoa uhaba huo. Kitabu kinacholipa kurasa mbili za mwishoni, kana kwamba ni uvumi, hakiwafai vijana hawa watakaokuwa kazini kwa miaka arobaini ijayo. Kwa hiyo makasha yakija, na yaje, lakini yachambuliwe kwanza huko huko yanakotoka. Kulipia nauli ya meli kwa vitabu vya kutupwa ni anasa ambayo Umoja wetu hauiwezi.

Ninapendekeza vitabu gani, basi? Kwa mwanafunzi anayeanza, nakipenda zaidi cha James Kurose na Keith Ross, Computer Networking: A Top-Down Approach. Kinaanzia na vitu anavyovijua, yaani kurasa za intaneti na barua, kisha kinateremka polepole mpaka kwenye waya. Maswali yake mwishoni mwa sura ni magumu kiasi cha kutosha. Andrew Tanenbaum, katika Computer Networks, alifuata njia ya kinyume: anaanza chini kwenye nyaya na kupanda. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo la sita amelitunga pamoja na Nick Feamster na David Wetherall. Ni kizito, lakini kina mzaha wake, na kwa mwalimu ni hazina. Cha Stevens kipo katika toleo la pili la mwaka 2011, lililotayarishwa na Kevin Fall. Hicho ndicho hasa cha rejea. Kisiazimwe, kikae maktaba.

Cha nne hakitatugharimu hata senti. Larry Peterson na Bruce Davie waliandika Computer Networks: A Systems Approach, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1996, na sasa wanakitoa bure kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kukinakili, kukigawa na hata kukitafsiri. Kiwekwe katika kila kompyuta ya chumba kile, kisomwe hata siku intaneti isipokuwapo. Na hilo neno la kutafsiri nalirudia makusudi, kwa sababu namwona mwalimu wa Kiswahili ameketi kule nyuma. Vijana wa Kidato cha Tano wakitafsiri sura moja tu kwa mwaka, wakabishana juu ya kila neno, watakuwa wamejifunza masomo mawili kwa mkupuo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu ni hii. Badala ya nakala thelathini za kitabu kimoja, zinunuliwe nakala sita za Kurose na Ross, mbili za Tanenbaum na mbili za Stevens na Fall, yote matoleo ya karibuni kadiri yapatikanavyo. Fedha zitakazobaki zinunue swichi mbili za mitumba, ruta moja, nyaya na koleo la kubania vichwa vya nyaya. Programu ya Wireshark, inayonasa pakiti na kuzionyesha jinsi zilivyo, inatolewa bure. Kijana mwenye kitabu wazi upande mmoja na pakiti halisi upande wa pili hatahitaji mtu kama mimi kuja kumhutubia. Tena naomba yeyote atakayetumwa dukani afuatane na wanafunzi wawili, wao ndio wakaulize yale maswali, naye Ndugu Mweka Hazina asubiri mpaka waridhike ndipo atoe pochi.

Nakala yangu ya Stevens iko pale mezani karibu na birika la chai, ile iliyobandikwa gundi mgongoni. Wanaotaka kuijaribu kabla ya kura waanzie kwenye faharasa.