Mafumbo ya Fedha Wakati wa Korona
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wa mwaka)



Katibu aliniomba niseme juu ya uchumi, akaongeza kwa upole kwamba nisiseme sana. Basi nitarudi mwaka 2020, ambao baadhi yenu vijana mnaukumbuka kama likizo ndefu tu.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Shule zikafungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi na viunga vyake vikafungwa. Abiria hakutoka wala kuingia, ila lori la chakula lilipita.

Lori lilipita, na bado rafu za maduka makubwa zilikuwa zimekwisha kukaushwa! Hapakuwa na njaa ya unga. Kila mwenye gari alihofu kwamba jirani yake atachukua bunda mbili, naye akachukua tatu. Wakati huo huo, mama wa Kibera alinunua unga wa kupima na mafuta ya kupima, kila jioni kabla ya kafyu, kwa bei ambayo ukiijumlisha ni kubwa kuliko ya pakiti nzima. Bwana mmoja msomi aliniambia watu hawa hawajui hesabu. Ndugu zangu, anayelipwa kila jioni hununua kila jioni. Hesabu anaijua sana. Asichokuwa nacho ni shilingi za kesho.

Tazameni M-Pesa. Kuanzia Machi 17 hadi mwisho wa mwaka huo, ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 iliondolewa. Mtu wa kutuma 3,000 akazikata mafungu matatu, akatuma bure. Mwingine akicheka, mimi nampa alama zote.

Serikali nayo ilitoa nafuu: mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hakukatwa kodi ya mapato. Jambo jema. Lakini mchuuzi na fundi wa mkono hawana hati ya mshahara, kwa hiyo hawakuwa na cha kusamehewa. Hao ndio walioitwa wakaidi walipokutwa barabarani saa moja na nusu.

Fumbo linalonipendeza zaidi ni la watu wetu walio ng'ambo. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba fedha zitumwazo Afrika kusini mwa Sahara zingepungua kwa asilimia 23 hivi. Kenya ilipokea karibu dola bilioni 3.1 mwaka huo, ongezeko la zaidi ya asilimia 10! Wengi walijinyima kwa ajili ya wazazi. Pia, waliozoea kuja na noti mfukoni hawakuweza kusafiri, wakapitia benki na simu, hivyo fedha ambazo zamani hazikuonekana zikaingia vitabuni. Sehemu gani ni huruma na sehemu gani ni njia tu, vijana wa somo la biashara watusaidie kubishana.

Nisisahau shule. Huko Mwea shule moja ya binafsi iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, na ubaoni ikaandikwa ratiba ya chanjo ya kuku. Walimu wengi wa shule za namna hiyo walikaa miezi bila mshahara. Milango ilipofunguliwa kwa wote Januari 4, 2021, karo ilidaiwa kwa mkupuo kutoka kwa wazazi ambao miezi tisa walikuwa wameishi kwa kupima.

Na hadi leo wanadaiwa hivyo hivyo. Hili ndilo lililonileta. Napendekeza chama hiki kiiombe Bodi ikubali karo ya kidogo kidogo, hata shilingi 200 kwa wiki kwa simu, na mfuko wetu wa misaada uitangulizie shule fedha mwanzo wa muhula ili jiko lisizimike. Mfuko utajilipa mzazi anapolipa. Wapo watakaochelewa, na wachache hawatalipa kabisa. Mhazini ameweka makadirio yake katika karatasi mlizopewa mlangoni, naomba myasome kabla ya kura ya alasiri.

Mwenye swali nitakuwa karibu na birika la chai.